Kutoka kipyenga cha UMISSETA hadi kipyenga cha chuo: kwa nini waamuzi wa kikapu Kanda ya Ziwa wanaishia njiani?

Kila inapofika katikati ya mwaka, shule za sekondari huingia kwenye msimu wa UMISSETA. Kuanzia Ukerewe hadi Kwimba, Sengerema hadi Magu, wanafunzi huvaa jezi, walimu hutafuta mipira, na mtu mmoja hukabidhiwa kipyenga. Kwenye mpira wa kikapu, mtu huyo mara nyingi ni mwalimu wa Jiografia au Hisabati ambaye aliwahi kucheza alipokuwa chuoni, au kijana aliyemaliza kidato cha sita na anaupenda mchezo.

Mechi ikiisha, mfungaji bora anatajwa na kocha anapewa mkono. Mwamuzi anafuta jasho, anarudisha kipyenga stoo na kutafuta bodaboda ya kumrudisha nyumbani. Mwaka unaofuata mambo ni yale yale. Anaweza kuchezesha miaka kumi bila kuvuka kiwanja cha shule.

Wakati huohuo, Mwanza mjini kuna vyuo vinavyocheza kikapu. Kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kule Malimbe. Kuna chuo kikuu cha afya cha CUHAS pale Bugando, kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara, na Chuo cha Ualimu Butimba. Mechi zao zinahitaji waamuzi, lakini kutoka kiwanja cha vumbi cha shule ya kata hadi kiwanja cha chuo ni mbali kuliko kilomita zinavyoonyesha.

Katika makala haya tunaeleza ngazi zilivyo, kinachobadilika mwamuzi anapopanda, kwa nini wengi wanakwama, na nini kinaweza kufanyika. Tunaona ni jambo la kujadiliwa sasa, kwa sababu anayelipia kosa la mwamuzi ambaye hakufundishwa ni mtoto wa msikilizaji wetu, yule anayekosa nafasi kwenye timu ya wilaya kwa kipyenga kilichopulizwa vibaya.

Ngazi zikoje?

Tuanze chini. Shule za msingi zina UMITASHUMTA na sekondari zina UMISSETA. Mashindano hayo huanzia shuleni, yakapanda hadi kata au tarafa, halmashauri, mkoa, kisha taifa. Mwanza inayajua vizuri, kwani mwaka 2018 fainali za taifa zilifanyika hapa hapa. Baadaye zilikwenda Mtwara, Tabora na Iringa.

Juu ya UMISSETA kuna mashindano ya Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo nayo yana mpira wa kikapu. Mwaka 2022 yalifanyika Arusha, 2023 yakaenda Huye nchini Rwanda, 2024 yakawa Uganda, na 2025 yakafika Kakamega, Kenya.

Upande wa vyuo, vyuo vya ualimu vina UMISAVUTA, vyuo vingine vina SHIMIVUTA, na vyuo vikuu vina TUSA. Kabla ya kufika huko kuna mechi za ndani ya chuo, kitivo kwa kitivo au mwaka wa kwanza dhidi ya mwaka wa pili. Hizo za ndani ndizo mlango ambao wengi hawauoni, na tutazirudia baadaye.

Ngazi ya tatu ni ya vyama. Kila mchezo nchini uko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kikapu kinasimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, TBF, na chini yake kuna vyama vya mikoa. Mafunzo na vyeti vya uamuzi hupita kwenye mkondo huo wa vyama. Juu kabisa kuna Shirikisho la Kimataifa, FIBA, linalotoa leseni ya mwamuzi wa kimataifa. Jina la mwamuzi haliendi FIBA kwa barua yake binafsi. Shirikisho la nchi ndilo hulipeleka.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Michezo ya shule inaendeshwa na Serikali kupitia TAMISEMI na wizara, ilhali uamuzi wenye cheti uko mikononi mwa vyama. Mwalimu anayechezesha UMISSETA kila mwaka anaweza kuwa hajulikani kabisa kwenye chama cha mkoa. Ana miaka mingi ya kazi, lakini kwenye daftari la chama hayumo.

Nini kinabadilika ukipanda kutoka shule hadi chuo?

Kuna habari njema ambayo watu husahau. Hapa kwetu shule, vyuo, ligi ya mkoa na timu ya taifa wote wanatumia kanuni za FIBA. Marekani, nyumbani kwa kikapu, haiko hivyo. Kule sekondari nyingi hucheza robo nne za dakika 8. Wanaume wa vyuo vikuu hucheza vipindi viwili vya dakika 20, na wanawake wa vyuo wanacheza robo nne za dakika 10 tangu msimu wa 2015-16. Mwamuzi wa kule akipanda kutoka shule hadi chuo hununua kitabu kipya cha kanuni na kujifunza upya. Kwetu kitabu ni kimoja.

Hata hivyo, kitabu hicho hubadilishwa mara kwa mara, na shuleni mabadiliko huchelewa kufika. Hapo ndipo mwamuzi wa shule huumbuka siku ya kwanza chuoni. Tutoe mifano mitatu.

Wa kwanza ni hatua. Hakuna kelele kubwa kwenye viwanja vyetu kuliko ile ya "ametembea!" Tangu Oktoba 2017, kanuni za FIBA zinasema kwamba mchezaji anayedaka mpira au kumaliza kuudunda huku akiwa katika mwendo, mguu uliopo chini wakati anaumiliki mpira hauhesabiwi. Baada ya hapo ana hatua mbili. Macho ya mtu wa zamani yanaona hatua tatu na kipyenga kinalia, kumbe mchezaji hana kosa. Wachezaji wa vyuo wanatazama mechi za nje kwenye simu na wanaijua hatua hiyo. Mwamuzi asipoijua, heshima yake inaisha kwenye robo ya kwanza.

Wa pili ni mistari. Mwaka 2010 mstari wa pointi tatu ulisogezwa kutoka mita 6.25 hadi mita 6.75, na eneo la chini ya ringi likabadilika kutoka umbo lililopanuka chini kuwa mstatili. Kama kiwanja cha shule yenu bado kina lile umbo lililopanuka chini, kilichorwa kwa kanuni za zamani. Mwamuzi aliyezoea kiwanja hicho anajikuta chuoni akitazama mguu wa mpigaji mahali pasipo sahihi.

Wa tatu ni saa. Shuleni mara nyingi hakuna saa ya kuhesabu sekunde 24 za kushambulia, na mwamuzi hukadiria tu. Chuoni saa hiyo inatakiwa, au awepo mtu mezani mwenye saa ya mkononi. Mpira ukigusa ringi na washambuliaji wakaupata tena, hawarudishiwi sekunde 24 bali 14. Mwamuzi asiyejua hilo hawezi kuirekebisha meza ikikosea.

Vipi kuhusu miili kugusana?

Hili ni kubwa kuliko mengine yote, na halisomwi kitabuni peke yake. Watoto wa kidato cha pili wanagongana kwa sababu hawajui kujizuia, kwa hiyo mwamuzi wao anapuliza karibu kila mguso ili wasiumizane. Chuoni wanacheza watu wazima wenye nguvu. Ukipuliza kila wakigusana, mechi haitaisha na watu watazomea. Usipopuliza kabisa, watapigana.

Kanuni inamtaka mwamuzi ajiulize: mguso huu umempa mtu faida isiyo ya haki, au umemnyima mwenzake nafasi yake? Kila mchezaji ana nafasi inayofanana na pipa alilosimama ndani yake, kuanzia sakafuni kwenda juu. Akiruka wima ndani ya pipa lake na mikono juu, mshambuliaji akimgonga, mlinzi hana kosa. Akiutoa mkono au nyonga nje ya pipa na kumzuia mwenzake, hilo ni faulo. Kuliona hilo ndani ya nusu sekunde kunatokana na mechi nyingi na mtu wa kukusahihisha.

Kasi nayo ni tofauti. Kiwanja kamili kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Waamuzi wakiwa wawili, mmoja hukaa mbele karibu na ringi na mwingine nyuma, na mpira ukigeuka wanabadilishana kazi. Mechi kubwa huwa na watatu. Mwamuzi wa shule ambaye siku zote amechezesha peke yake, akisimama katikati na kugeuza shingo, anapofika chuoni hajui asimame wapi. Waamuzi wote wawili wanajikuta wanatazama mpira, na hakuna anayemwona mchezaji anayepigwa kiwiko upande wa pili.

Kwa nini wanaishia njiani?

Tukiuliza swali hili kijuujuu, jibu huwa "hawana uwezo." Sisi hatukubaliani nalo. Vikwazo tunavyoviona ni vinne, na hakuna hata kimoja kinachohusu akili ya mtu.

Cha kwanza ni kumbukumbu. Mwalimu aliyechezesha mechi 60 za shule hana karatasi inayosema hivyo. Hakuna aliyeandika tarehe, timu, wala jinsi alivyochezesha. Siku chuo kinapotafuta mwamuzi, hana cha kuonyesha isipokuwa maneno.

Cha pili ni jicho la kumtazama. Kwenye mashindano ya shule kuna watu wanaotazama wachezaji ili kuunda timu ya mkoa. Ni nadra kumwona aliyekuja kumtazama mwamuzi na kumwambia baada ya mechi: hapa ulisimama vibaya, pale ulipuliza mapema. Bila mtu huyo, kosa la mwaka wa kwanza linakuwa tabia ya mwaka wa kumi.

Cha tatu ni nauli. Kozi na mechi za vyuo ziko mjini. Anayetoka Buchosa au Ukara akilipia usafiri, chakula na malazi, posho ya mechi inaweza isitoshe hata kurudi. Wanaoweza kusubiri miaka miwili mitatu ya kujitolea ni wale wanaoishi karibu na kiwanja. Ndiyo maana uamuzi unakuwa kazi ya vijana wa mjini, si kwa sababu vijijini hakuna macho mazuri.

Cha nne ni ruhusa. Waamuzi wengi wa shule ni watumishi wa umma. Mwalimu hawezi kuondoka kituoni Ijumaa mchana bila mkuu wa shule kukubali. Kama mkuu anauona uamuzi ni starehe yake binafsi, barua ya ruhusa haitoki.

Daraja la Kigongo-Busisi linahusikaje?

Huenda msikilizaji akashangaa tukitaja daraja kwenye habari ya kikapu. Lakini tarehe 19 Juni 2025 lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, maisha ya watu wa Sengerema na Geita yalibadilika. Zamani mtu alipanga foleni ya kivuko, na mechi ya saa kumi jioni ilikuwa na maana ya kulala mjini. Sasa mtu wa Sengerema anaweza kuja Mwanza, akachezesha, akarudi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo upande huo kisingizio cha maji kimepungua. Vyama na vyuo ambavyo vilizoea kuwaita waamuzi wa Nyamagana na Ilemela peke yao vinaweza sasa kupanua orodha. Kwa Ukerewe bado hali ni ya maji. Anayetoka Nansio hutegemea ratiba ya meli, au azungukie kivuko cha Rugezi na Kisorya hadi Bunda. Kwake kozi ya wikendi moja mjini ni safari ya siku tatu. Kwa watu wa kisiwani dawa si kuwaita, ni kuwafuata.

Wenzetu wanafanyaje?

Marekani wana njia inayoeleweka, ingawa si rahisi. Mwamuzi wa sekondari anayetaka kupanda huenda kwenye kambi za mafunzo wakati wa likizo. Huko anachezesha mechi kadhaa kwa siku huku wasimamizi wa waamuzi wa vyuo wakimtazama kutoka pembeni. Akipendeza, anaanza na vyuo vidogo, na miaka ikipita anaweza kufika vyuo vikubwa. Hakuna anayeruka ngazi.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Kambi hizo mwamuzi huzilipia kutoka mfukoni mwake, kwa hiyo hata kule asiye na fedha anachelewa. Tena kule kuna uhaba. Shirikisho lao la michezo ya sekondari limesema kwamba waamuzi wapatao 50,000 wa michezo mbalimbali waliacha kazi kuanzia msimu wa 2018-19 hadi miaka ya korona. Sababu kubwa inayotajwa ni matusi ya wazazi na makocha. Somo kwetu ni kwamba fedha peke yake haimzuii mwamuzi asiondoke. Anayetukanwa kila Jumamosi ataacha, awe Texas au Misungwi.

Kwa karibu zaidi, tumtazame Salima Mukansanga wa Rwanda. Alipokuwa msichana alipenda kikapu, lakini viwanja na walimu vilikuwa shida kupatikana. Alianza kupuliza kipyenga cha soka akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, kwenye mashindano ya shule. Januari 2022, kule Yaoundé, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Mwanzo wake haukuwa tofauti na wa msichana yeyote wa shule zetu. Tofauti ni kwamba baada ya shule kulikuwa na ngazi ya kukanyaga.

Hapa kwetu kando ya ziwa tunaye Jonesia Rukyaa wa Kagera, mwamuzi wa soka mwenye beji ya FIFA, ambaye Februari 2016 alichezesha mechi ya Yanga na Simba. Anayesema msichana wa Kanda ya Ziwa hawezi kusimama katikati ya wanaume wanaobishana, jibu lake ni hilo. Kikapu kinasubiri wa kwake.

"Shule yetu haina hata mpira"

Kuna hoja tunayoisikia, na ni ya haki: mnahangaika na waamuzi wakati shule yetu ina ringi moja iliyopinda na mpira mmoja uliotoboka?

Tunajibu hivi. Mpira mpya hununuliwa kwa siku moja, lakini mwamuzi mzuri hutengenezwa kwa miaka. Tukisubiri vifaa vikamilike ndipo tuanze kufundisha waamuzi, vifaa vitakuja na hatutakuwa na wa kuchezesha. Pia kuna kikapu cha watatu kwa watatu, ambacho hakihitaji zaidi ya ringi moja na nusu kiwanja. Mechi ni dakika 10, au timu ya kwanza kufikisha pointi 21, na kila shambulizi lina sekunde 12. Mchezo huo umo kwenye Olimpiki tangu Tokyo. Shule yenye ringi moja inaweza kuucheza kwa kanuni kamili, na mwamuzi wake anaweza kujifunza kwa kanuni kamili.

Tena mtaala mpya wa sekondari, ulioanza kutumika mwaka 2024, una mkondo wa amali ambamo michezo imo. Wanafunzi watakaopita humo watahitaji walimu wanaojua kanuni, si wapenzi wa mchezo tu.

Nani afanye nini?

Vyuo vya Mwanza vina nafasi ambayo haigharimu sana. Mechi za kitivo kwa kitivo hazina kombe kubwa wala kamera. Hizo zikitolewa kwa waamuzi wa shule walio mafunzoni, mmoja wao akiambatana na mwamuzi mzoefu wa mkoa, tayari daraja la pili limejengwa. Wachezaji wanapata mechi yenye waamuzi wawili, na mwamuzi wa shule anapata mtu wa kumsahihisha.

Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko wilayani Kwimba, ndani ya mkoa wetu. Hiki ni chuo cha Serikali kinachofundisha wataalamu wa michezo. Mikoa mingine inatamani kuwa nacho jirani. Kozi fupi za uamuzi wakati wa likizo, kwa ushirikiano na chama cha mkoa, zingewafikia walimu wa Kwimba, Magu na Misungwi, na hata majirani zetu wa Simiyu, bila kuwapeleka Dar es Salaam.

Maafisa michezo wa halmashauri wanaweza kufanya jambo dogo ambalo litabadilisha mengi: kuandika. Kila mechi ya UMISSETA ngazi ya halmashauri iwe na karatasi yenye majina ya waamuzi, na orodha ipelekwe chama cha mkoa msimu ukiisha. Hapo yule mwalimu wa miaka kumi ataonekana.

Wakuu wa shule nao wajue kwamba mwalimu mwenye cheti cha uamuzi ni faida ya shule. Anarudi akifundisha wanafunzi kanuni sahihi, na timu inayojua kanuni haipotezi mechi kwa faulo za kijinga.

Nasi watazamaji tuna sehemu yetu. Mwamuzi anayejifunza atakosea. Tukimzomea mtoto wa watu mpaka atupe kipyenga, mwakani tusilalamike kwamba hakuna wa kuchezesha.

Ukitaka kuanza, fuata hatua hizi

Kwa msikilizaji aliye kijijini na simu yake, awe mwalimu, mhitimu wa kidato cha sita au mchezaji wa zamani, tunashauri haya.

1. Nunua daftari. Andika kila mechi unayochezesha: tarehe, mahali, timu, ulichezesha na nani, na jambo moja ulilokosea. Mwalimu wa michezo aweke saini. Hilo ndilo cheti lako la kwanza.

2. Soma kanuni za sasa. FIBA huweka kitabu cha kanuni na mafunzo ya waamuzi kwenye tovuti yake bila malipo. Kipakue mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha usome bila bando. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kisomeni wawili au watatu pamoja, mkisaidiana.

3. Jifunze kazi ya meza. Kuandika pointi na faulo na kutunza muda ni mlango rahisi wa kuingia kwenye mechi za vyuo. Ukiwa mezani unawaona waamuzi wazoefu kwa karibu, nao wanakujua jina. Kumbuka mchezaji hutoka akifikisha faulo 5, na timu ikishafikisha faulo 4 ndani ya robo moja, zinazofuata za kujilinda huadhibiwa kwa mitupo huru miwili.

4. Nyoosha ishara. Faulo ni ngumi moja juu. Kosa la kawaida, kama kutembea na mpira, ni kiganja kilichofunguliwa juu. Simama mbele ya kioo au muombe mwenzako akurekodi kwa simu. Mwamuzi asiye na ishara safi huonekana hana uhakika hata akiwa sahihi.

5. Kimbia. Waamuzi wa ngazi za juu hupimwa kwa mbio za kwenda na kurudi mita 20 kwa mlio unaozidi kuongeza kasi. Pima mita 20 kwenye njia ya shule, kimbia mara tatu kwa wiki, na usingoje kuitwa kwenye kozi.

6. Jitambulishe. Nenda kwa afisa michezo wa halmashauri yako na daftari lako, muulize jinsi ya kuwapata viongozi wa kikapu wa mkoa. Uliza kozi ijayo ni lini, inalipiwa kiasi gani, na cheti kinatolewa na nani. Usimtumie fedha mtu yeyote kwa simu kabla hujathibitisha kwa chama chenyewe.

7. Omba ruhusa mapema, kwa maandishi. Mpe mkuu wako ratiba, na uonyeshe nani atashika vipindi vyako.

8. Usiharakishe. Mechi moja ya chuo uliyoichezesha vizuri ukiwa na mwenzako mzoefu ni bora kuliko tano ulizoharibu. Jina la mwamuzi likichafuka mapema, kulisafisha ni kazi.

Tukiangalia mbele

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la soka, na fedha nyingi zinakwenda kwenye viwanja. Hilo ni jema. Lakini kiwanja hakijichezeshi chenyewe. Katika kikapu, Tanzania ilishampeleka Hasheem Thabeet hadi NBA, aliyechaguliwa wa pili kwenye orodha ya mwaka 2009. Tumezoea kuuliza nani atakuwa Thabeet mwingine. Ni mara chache tunauliza nani atachezesha mechi ambayo Thabeet mwingine ataonekana.

Mechi hiyo huenda ikachezwa kwenye kiwanja cha vumbi huko Sengerema, au penye ringi moja karibu na bandari ya Nansio. Atakayeshika kipyenga siku hiyo, kwa sasa huenda anasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza. Akipewa mtu wa kumtazama, karatasi ya kuandikwa jina lake na nauli ya kufika kwenye kozi, atapanda. Asipopewa, kipyenga kitarudi stoo tena mwaka huu kama mwaka jana.